Asili Haimo Katika Ngozi ya Ngoma

Mwaka jana niliketi kwenye meza ya majaji wa tamasha moja la utamaduni. Mji na mwandaaji nitawahifadhi. Tulikuwa watatu, kila mmoja na fomu yake, na ndani ya fomu hiyo palikuwa na safu iliyoandikwa "Uasili". Safu hiyo ilitutaka tupime ala, mavazi na mtindo, tuone ni kwa kadiri gani ngoma "haijachanganywa na mambo ya kigeni". Vikundi vilipita kimoja baada ya kingine. Wazee kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa walicheza mganda. Walivaa kaptula nyeupe na soksi zilizopandishwa hadi magotini, wakapuliza vibuyu vyao kwa nidhamu iliyounyamazisha uwanja mzima. Tuliwapa alama zote za safu ile, na walizistahili. Baada yao wakaja vijana wanne wa mchiriku, wakiwa na ngoma mbili, rika moja na kinanda kidogo cha Casio kilichounganishwa na spika kuukuu. Hawakumaliza hata wimbo wa kwanza. Mwenyekiti wetu alinyanyua mkono, fundi akazima umeme, na ikatangazwa kwamba kikundi hicho kimeondolewa mashindanoni kwa kuwa muziki wake si wa asili.

Fomu ile niliitia sahihi. Naandika makala hii kwa sababu nilijua, wakati kalamu inagusa karatasi, kwamba tulichokitangaza si kweli.

Ndugu msomaji, jiulize kaptula zile nyeupe zilitoka wapi. Mganda haukuja pamoja na mababu wa kale. Ni mtoto wa beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, pale Waswahili wa Lamu na Mombasa walipoyasikia matarumbeta ya bendi za kijeshi za Wazungu, wakayachukua na kuyageuza kuwa mashindano yao wenyewe. Hata jina beni ni "bendi" iliyolainishwa na ulimi wa Kiswahili. Vyama vikuu vilikuwa viwili, Marini na Arinoti, na vilishindana kwa sare, kwa gwaride na kwa nyimbo za kukebehiana, kila kimoja na wafalme na majemadari wake. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliwakusanya askari na wapagazi kutoka kila pembe, na walipotawanyika waliibeba beni hadi bara. Kule ambako tarumbeta ya shaba haikupatikana, watu walitoboa vibuyu, wakavifanya vilie kama shaba, na gwaride likaendelea. Mwanahistoria Terence Ranger aliyaeleza haya kwa kirefu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1975, na mimi mwenyewe nimekifundisha kitabu hicho darasani.

Kwa hiyo siku ile tuliwapa alama zote za uasili watu waliorithi ngoma iliyoanza kwa kuiga bendi ya jeshi la mkoloni, tukawatimua vijana walioazima kinanda kutoka Japani. Ukiitafuta tofauti ya makundi yale mawili kwa vigezo vya fomu yetu, utaipata moja tu: uigaji wa kwanza una takriban miaka mia moja, na wa pili una miongo michache. Tulikuwa tunapima vumbi, tukaliita utamaduni.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mganda si wa asili. Nasema ni wa asili kabisa, na kwamba umekuwa hivyo kwa sababu ile ile iliyotufanya tuwaondoe wale vijana. Wanyasa walichukua kitu cha wageni, wakakikalia, wakakitungia nyimbo za mambo yao, wakakipa vyeo, adabu na majira yake, hata kikawa chao. Hakuna ofisi iliyowapa ruhusa. Hakuna jaji aliyewapa alama.

Wala mganda si wa pekee. Nenda Bujora, karibu na Mwanza, mwezi wa Juni, uone Bagalu na Bagika wakishindania watazamaji katika sherehe za Bulabo. Kila anayetaka kuuonyesha utamaduni wa Wasukuma hukimbilia kupiga picha pale. Lakini Bulabo, neno lenye maana ya maua, imefungamana na sikukuu ya Kikatoliki ya Ekaristi, na ilikuzwa hapo katikati ya karne iliyopita, wakati wa wamisionari. Ushindani wa Bagalu na Bagika una mizizi yake ya zamani zaidi. Sikukuu iliyoupokea ina mizizi mingine. Wasukuma hawakuona shida kuviunganisha. Shida tunaiona sisi wenye fomu.

Tazama taarabu. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu wake Misri akajifunze muziki wa huko. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Kwa muda taarabu ilikuwa ya jumba la mfalme na ya wakubwa, ikiimbwa kwa Kiarabu. Kisha akaja Siti binti Saad, mwanamke wa ukoo maskini kutoka shamba. Akaiimba kwa Kiswahili, akaingiza ndani yake habari za mahakama, za dhuluma na za mitaa ya Ng'ambo, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Je, taarabu ni ya asili? Nimewasikia wasomi wa bara wakisema kwamba ni ya Waarabu, na wasomi wa pwani wakisema kwamba ni yetu tangu zamani. Wote wawili wanauliza swali la paspoti. Swali la maana ni hili: ni lini watu wa kawaida walipata uwezo wa kuigeuza waseme ya kwao? Kwa taarabu, jibu lina jina la mwanamke.

Na hata pale tunapodhani tumefika kwenye chemchemi safi isiyo na tone la ugeni, yaani kwa Wagogo na zeze lao na ilimba yao, tunamkuta Hukwe Zawose. Dunia nzima ilimtambua kuwa sauti ya Ugogo hadi alipofariki mwaka 2003. Mzee huyo aliongeza nyuzi za zeze na vyuma vya ilimba kupita ilivyozoeleka, na mwaka 2002 alitoa albamu pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa la umeme kutoka Kanada. Angekuja mbele ya meza yetu na ala zake zile kubwa, tungempunguzia alama?

Hebu sasa tuwasikilize waliolianzisha neno lenyewe. Baraza la Kimataifa la Muziki wa Jadi lilianzishwa London mwaka 1947. Mwaka 1954, katika mkutano wake wa São Paulo, lilikubaliana juu ya maana ya muziki wa jadi likitaja mambo matatu: uendelevu unaoiunganisha leo na jana, mabadiliko yanayotokana na ubunifu wa mtu au kundi, na uteuzi wa jamii unaoamua kipi kibaki na kipi kisahauliwe. Tazama vizuri orodha hiyo. Ngozi ya mbuzi haimo. Mavazi ya magome ya miti hayamo. Kinachotajwa katikati kabisa ni mabadiliko. Wataalamu wa Ulaya waliokuwa na hofu ya kupotea kwa nyimbo za wakulima wao walikiri, miaka sabini iliyopita, kwamba muziki usiobadilika si muziki wa jadi. Baadaye hata neno lao la mwanzo liliwasumbua, na mwaka 1981 baraza hilo likabadilisha jina. Na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika unaueleza urithi huo kuwa ni kitu ambacho jamii hukiumba upya daima. Kwa hiyo fomu yetu haikuwa na baba popote. Si kwa mababu, wala kwa wataalamu.

Upime mchiriku kwa mambo hayo matatu. Uendelevu: mapigo yake yamechipuka kutoka ngoma za Wazaramo, na mtu aliyewahi kufuata mdundiko ukipita mitaani atayatambua kabla ya kinanda kuanza kulia. Mabadiliko: kila kikundi kina sauti yake, na kutoka huko umezaliwa mnanda na hatimaye singeli yenye kasi ya kukata pumzi. Uteuzi: hakuna redio iliyoulea katika miaka yake ya mwanzo, uliishi kwa sababu watu wa Tandale, Manzese na Mburahati waliuita kwenye harusi zao na kuulipa kwa fedha zao za mfukoni. Ukinitaka nitaje muziki wa jadi ulio hai zaidi jijini Dar es Salaam, sitakupeleka jumba la makumbusho. Nitakupeleka uswahilini Jumamosi usiku.

Tulifikaje basi hapa, hata wasomi wazima wanazima umeme wa watoto? Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walijua dansi za Wazungu na hawakuzijua za kwao. Alikuwa na haki ya kusikitika. Taifa lililotoka kudharauliwa lilihitaji kujitazama kwenye kioo bila aibu. Lakini kati ya ngoma alizozitaja ilikuwamo lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, ya vyama vya mjini vilivyoshindana kwa mavazi na fahari. Mwalimu hakuikagua kwanza kama imechanganywa.

Tatizo lilianza pale masikitiko yale yalipogeuzwa kuwa utaratibu wa ofisi. Kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma. Likaja Baraza la Muziki la Taifa mwaka 1974, chuo cha sanaa Bagamoyo mwaka 1981, na Baraza la Sanaa la Taifa kwa sheria ya mwaka 1984. Vyombo hivi vimefanya kazi njema, na baadhi ya walimu wangu wametoka humo. Lakini ngoma iliyokuwa ikichezwa usiku kucha ilikatwa ikawa ya dakika chache, kwa sababu mgeni wa serikali ana ratiba. Sindimba ya Wamakonde, yenye mahali pake katika jando na unyago, ikatolewa huko ikawekwa jukwaani kuwa burudani ya taifa. Maneno ya nyimbo yakabadilishwa yasifu. Sasa, hayo nayo si mabadiliko? Naam, ni mabadiliko, na makubwa kuliko kinanda chochote. Ila ofisi ilipobadilisha tuliita "kuenzi", na vijana walipobadilisha tukaita "kupotosha". Mgogoro wetu, basi, haujawahi kuwa juu ya kubadilika kwa asili. Ni juu ya nani mwenye ruhusa ya kuibadilisha.

Msomaji anaweza kusema: mwalimu, hayo ni mabishano ya darasani, yana hasara gani? Hasara yake huhesabika kwa shilingi. Wimbo ukishapigwa muhuri wa "asili" huhesabiwa kuwa hauna mtunzi. Mwaka 1939, jijini Johannesburg, Solomon Linda alirekodi wimbo wake uitwao Mbube. Zaidi ya miaka kumi baadaye ukafika Marekani, na waimbaji wa huko wakaupokea kama wimbo wa jadi wa Kiafrika. Ukaimbwa, ukabadilishwa jina, ukaingizwa kwenye sinema, ukatajirisha watu wa mbali. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na warithi wake walifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006, baada ya kwenda mahakamani. Wimbo uliotungwa na mtu mwenye jina na watoto uligeuzwa kuwa sauti ya msitu.

Nasi tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi. Nia ya sehemu hiyo ni njema: kuzuia mali ya jamii isiuzwe na wajanja. Lakini mnajua jinsi manju wa Kisukuma au wa Kigogo anavyotunga. Hutunga yeye, kwa jina lake, akajitaja ndani ya wimbo, akamtaja na mpinzani wake. Jirani zake wote wanajua kwamba wimbo ni wake. Akirekodiwa uwanjani na mwenye simu au mwenye kamera, kazi yake huandikwa "ngoma ya asili ya Wasukuma", na hapo jina lake linakufa. Upande wa pili yupo kijana wa singeli anayeambiwa kwamba yake si asili, hivyo hana nafasi kwenye tamasha wala kwenye bajeti ya utamaduni. Mmoja ananyimwa jina kwa kuwa ni wa asili. Mwingine ananyimwa jukwaa kwa kuwa si wa asili. Neno moja linawakata wote wawili.

Liko na suala la kibali. Serikali ya kikoloni ilizitilia shaka ngoma za mijini, ikataka ziombewe ruhusa, na beni yenyewe iliwatia hofu maofisa wake kwa sababu iliwakusanya watu kwa mpangilio wasioudhibiti wao. Leo mikesha ya mitaani hupigwa marufuku mara kwa mara kwa jina la maadili, na hoja inayorudiwa ni kwamba muziki ule si utamaduni wetu. Kelele za usiku ni kero ya kweli. Mgonjwa anataka kulala na mwanafunzi anataka kusoma. Tuwekeane saa, tupunguze sauti, na sheria hiyo imguse pia mwenye ukumbi wa kifahari. Lakini tusiivishe sheria ya kelele joho la utamaduni.

Najua hoja tatu zitakazoletwa. Ya kwanza ni methali: mwacha asili ni mtumwa. Naikubali. Ila methali inamsema anayeacha, haimsemi anayeongeza. Kijana anayelipeleka pigo la baba yake kwenye kinanda hajaacha kitu. Asili maana yake ni chanzo, ni shina. Shina lisilochipua huitwa kisiki.

Ya pili ni matusi. Wanasema nyimbo za mitaani ni chafu. Baadhi ni chafu kweli, na nyingine huwadhalilisha wanawake. Zinastahili kukosolewa kwa ubaya huo bila kusitasita. Lakini anayedhani kwamba uwazi wa mwili uliletwa na spika hajui unyago. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 akiwa amebeba heshima za dunia nzima, alikuwa mwalimu wa unyago, na mafunzo yale hayakuzungumza kwa mafumbo tu. Uchafu na usafi si kipimo cha uasili.

Ya tatu ndiyo nzito, na ninaiheshimu: kama kila kitu ni asili, nani atailinda ilimba? Kwanza, sisemi kila kitu. Wimbo wa tangazo la sabuni uliotungwa ofisini na kuimbwa jinsi ulivyotoka dukani si wa jadi, hata ukipigwa kwa marimba. Wimbo wa kampeni uliogawiwa vikundi vyote mkoani, neno kwa neno, si wa jadi hata waimbaji wakivaa kaniki na shanga. Kipimo ninacholeta ni kikali kuliko kile cha fomu: je, wanaouimba wana uwezo wa kuubadilisha, na je, ni wao wanaoamua kama uishi au ufe? Pili, ilimba haiuawi na Casio. Inauawa na mambo tunayoyajua: fundi anayezeeka bila mwanafunzi, ratiba ya shule isiyo na kipindi, mkulima asiye na usiku wa kupumzika, mpigaji anayelipwa soda na nauli. Mambo hayo hayatibiwi kwa kumzimia mtu mwingine umeme.

Kwa hiyo nina maombi. Kwa ndugu zangu maafisa utamaduni: futeni safu ya uasili katika fomu zenu. Ulizeni badala yake kikundi kinatoka wapi, nani aliwafundisha, nani anatunga, na watu wa kwao huwaita lini. Majibu ya maswali hayo mjaze kwenye kumbukumbu, na jina la mtunzi liandikwe kabla ya jina la kabila. Kwa wanaharakati wa haki za wasanii: msiishie kwenye nyota wa redio, manju wa kijijini naye ni mtunzi. Kwa wanafunzi wangu: acheni kuandika tasnifu zinazoanza kwa kusikitika kwamba ngoma zinapotea. Nendeni mkasikilize zimehamia wapi. Baadhi yenu mmetoka katika mitaa hiyo hiyo, na mnaficha muziki wa kwenu mnapoingia lango la chuo. Aibu hiyo mmefundishwa na watu kama mimi.

Nami nina deni langu. Nimewaandikia waandaaji wa tamasha lile kwamba uamuzi wetu juu ya kikundi cha mchiriku haukuwa sahihi, na kwamba naiondoa sahihi yangu. Barua hiyo bado haijajibiwa. Vijana wale niliwatafuta kwa msaada wa dereva aliyewaleta, nikawaomba radhi. Yule mpiga kinanda alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: mwaka huu wakija, umeme utakuwepo? Sikuwa na jibu la kumpa. Nimewaambia waandaaji kwamba sitaketi tena kwenye meza ile hadi nitakapokuwa nalo.